Mpira Chini ya Mwenza

1

"Fundi, nitolee sauti yangu."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya usukani wa bajaji, nati mbili mdomoni, kwa hiyo sikuweza kumjibu palepale. Nilizitemea kiganjani nikageuka. Alikuwa Asumini, mke wa Dadi Mkalinga, kasimama mlangoni pa banda langu na khanga mbili zisizofanana. Mwanamke yule namjua. Hafungi khanga zisizofanana hata akienda kuteka maji.

"Karibu ndani, Mama Twaha. Pole na matatizo."

"Sikuja kupewa pole. Ulinitia wewe mle ndani, unitoe wewe."

Mwanangu Mwajabu alikuwa amelala kwenye boksi la spika kuukuu ambalo nililitandikia nguo kuukuu likawa kitanda chake. Ana miezi saba. Asumini alimtazama, akashusha sauti, lakini macho yake hayakushuka.

Mwaka uliopita alikuja hapahapa, akakaa kwenye kigoda kilekile, akanisomea maneno mia mbili mbele ya kipaza sauti huku akicheka mpaka nikalazimika kurudia kurekodi. Sheria ilikuwa mpya. Hakuna pikipiki wala bajaji iliyoruhusiwa kubeba mtu bila Mwenza kwenye usukani. Mwenza ana ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Ana spika upande mmoja na hana macho. Anamjua dereva kwa mikono. Mikono ikikaza usukani, anajua mtu yuko macho. Ikianza kulegea, anamsemesha. Ikilegea zaidi, anazima injini. Waliomtengeneza waliona mapema kwamba dereva hatii sauti ya mtu asiyemjua, ndiyo maana wakasema kila dereva alete ya nyumbani kwake.

"Nyumbani hanisikilizi," Asumini aliniambia siku ile, "sasa barabarani atanikoma."

Jumanne, saa nane mchana, kwenye mteremko wa Chikwaya, bajaji ya Dadi iliacha barabara ikatumbukia korongoni. Dadi alitoka na mkono uliovunjika. Abiria wake hakutoka. Alikuwa Bwana Nakanje, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na mwezi mmoja nyuma wawili hao walikuwa wametukanana mbele ya mtaa mzima juu ya mpaka wa mikorosho.

"Polisi wamenisikilizisha," Asumini alisema. "Mimi mwenyewe nasema, Mama Mwajabu. Kwa mdomo wangu. 'Baba Twaha alikuwa macho. Mikono ya Baba Twaha ilikuwa imetulia. Usukani ulikatwa kushoto.' Nasema kwa upole kama ninavyomwambia chai iko tayari."

Nilizifumba zile nati kiganjani. Mtu aliye macho, mikono imetulia, kisha akaiacha barabara, mbele ya Baraza la Barabara mtu huyo amekusudia. Ni miaka thelathini. Baraza linaanza saa tatu na halifiki adhuhuri.

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema alisinzia." Alicheka kicheko kikavu. "Wewe ungesemaje? Yeye ana sababu ya kudanganya. Kidude kina sababu gani? Kigombane na Nakanje kwa mikorosho ipi?"

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisemeje? Miaka kumi na mmoja nalala na mtu, kumbe." Alimeza mate. "Kama ameua, ameua. Mungu yupo na Baraza lipo. Lakini asifungwe kwa sauti yangu. Twaha atakuwepo, ana miaka tisa, anaelewa kila kitu. Kesho fundi aliyefunga ndiye anayefungua, ndivyo sheria inavyosema. Kikiwa mkononi mwako, kibonyeze popote. Kiseme kwa sauti ya mtu mwingine. Kiseme kwa sauti ya mbuzi, nitashukuru."

Nilimwambia kimepigwa lakiri na sina ufunguo wa ndani. Ilikuwa kweli. Alisimama kidogo, akageuka kuondoka, na pale mlangoni akasema, kama mtu anayejisemea tu:

"Na tangu alfajiri alikuwa hajapumzika. Safari ya nne ile. Vidude vya wenzake vinawazima kila siku wanalalamika. Cha kwako hakijamzima hata mara moja. Nikawa nakusifia."

Aliondoka. Mimi nilibaki nimeshika zile nati mpaka zikapata joto la mkono wangu.

2

Kila fundi wa sauti wa huku kwetu anaweka mpira chini ya redio. Hili halina maandishi. Kabla ya Mwenza tulikuwa tunafunga redio, spika za mdundo, honi za nyimbo, na barabara zetu ni hizi: vumbi kiangazi, makorongo masika, na katikati yake vijituta vidogovidogo kama ubao wa kufulia. Ukifunga redio chuma kwa chuma, mwezi mmoja ina sauti ya chura, wa pili nati zimedondoka njiani. Kwa hiyo unakata kipande cha tyubu, unakikunja mara mbili, unakiweka katikati ya kifaa na bomba la usukani, unakaza. Fundi Chande, aliyenifundisha, alikuwa anakagua mpira kabla ya kukagua waya.

Karatasi iliyokuja na Mwenza ilisema: *Ifungwe chuma kwa chuma.* Niliisoma. Nilikuwa natoka kwenye masomo ya jioni, najivunia kusoma kila karatasi mpaka mwisho. Watano wa kwanza niliwafunga hivyohivyo ilivyosema. Siku tatu tu, madereva wakawa wamejaa bandani kwangu wakipiga kelele. Wakifika kwenye vijituta vile, Mwenza anapayuka, "Amka! Amka!" na injini inazimika wakati mtu yuko macho kama bundi. Dereva mmoja alizimiwa mara sita akiwa amebeba mama mwenye uchungu. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, na hakulia.

Nikasema hawa walioandika karatasi wamezoea lami. Nikakata tyubu.

Ikatulia kabisa. Sauti ikawa safi, injini hazizimiki, madereva wakaja kutoka Nachingwea na Newala. *Kwa Somoe haizimi.* Walinitengenezea hata kibao chenye jina langu na maneno hayo, wakakipigilia wenyewe mlangoni.

Mchana ule, baada ya Asumini kuondoka, nilifanya kitu ambacho ningekifanya mwaka mzima uliopita kama ningekuwa na akili ya kujiuliza kwa nini. Ile bajaji iliyokuwa bandani nilikuwa tayari nimeifunga Mwenza juu ya mpira. Niliwasha injini, gia huru. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikashika usukani kwa nguvu.

"Mikono imetulia," Mwenza alisema kwa sauti ya kiwandani, kwa kuwa mwenye bajaji alikuwa bado hajaleta ya nyumbani kwake. "Endelea."

Nikaachia. Niliweka mikono yote miwili magotini. Usukani ukawa unacheza wenyewe kwa mtikisiko wa injini, unaenda kushoto, unarudi, kama kichwa cha mtu anayesinzia.

"Mikono imetulia. Endelea."

Nikachukua spana nikagonga bomba. Kimya. Nikagonga tena.

"Endelea."

Nikazima. Nikafungua nati, nikachomoa mpira, nikakaza chuma kwa chuma, nikawasha, nikaachia mikono. Sikufika hata kuhesabu mpaka tano.

"Amka! Mikono imelegea. Nazima injini."

Na ikazima.

Mwajabu aliamka kwa ule ukelele akaanza kulia. Nilimtoa kwenye boksi nikampa ziwa, nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye gurudumu. Mwenza anaijua mikono kwa mtetemo. Usukani ulioshikwa hautetemeki, ulioachiwa hutetemeka. Mimi nilikuwa nimemziba huo mtetemo wote, wa barabara na wa usingizi, kwa kipande cha tyubu kilichokunjwa mara mbili. Mtu aliyelala na mtu aliyetulia, kwa Mwenza aliyefungwa na Somoe, ni mtu mmoja.

Dadi alisinzia kweli. Alikuwa anasema kweli, na hapakuwa na mtu duniani aliyemwamini, hata mama wa mtoto wake.

Nilifungua daftari nikahesabu niliowafunga. Sabini na wanne.

3

Mponda hakubisha hodi. Yeye ni kiongozi wa kijiwe cha madereva, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, na alinikuta na mpira mkononi na Mwenza kalala mezani.

"Unafanya nini na mpira wetu?"

Nilimweleza. Nilianza mwanzo nikamaliza, na alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kwa hiyo Dadi alilala," alisema.

"Alilala."

"Basi. Alilala. Mwenye makosa ni aliyelala." Alivuta kile kigoda akakaa, kikalia. "Mama Mwajabu, nisikilize kwa makini, maana wewe una mdomo mwepesi wa shule. Kesho utafungua kile kidude mbele ya Bi. Kaundime wa Baraza. Utachomoa mpira kwa kidole kimoja, utauficha kiganjani, utasema 'Kimefungwa ipasavyo,' utaweka sahihi, utarudi nyumbani umnyonyeshe mtoto. Mafundi wote wamesema hivyo siku zote."

"Na Dadi?"

"Dadi ni rafiki yangu. Tumetahiriwa pamoja. Usidhani nafurahi." Alijifuta uso. "Lakini ukisema hakikufungwa ipasavyo, unajua nini kinafuata? Wewe unashikwa hapohapo. Huyo mtoto nani atamnyonyesha, mimi? Halafu wanaamuru bajaji zote sabini na kitu zifungwe chuma kwa chuma. Na kwenye vijituta vya Nambaya tutakuwa tunazimikiwa kila hatua ishirini. Mama mjamzito wa Nambaya atafikaje hospitali? Kwa mguu?"

Niliuweka ule mpira mezani.

"Wewe ulifikaje?" aliuliza. "Nani alikubeba? Kilomita thelathini na mbili, na wewe unanitukana njia nzima, umenishika kola mpaka vifungo vikatoka. Ilizima? Ilizima hata mara moja? Kama ingezima, huyo angekuwa wapi?"

Alimnyooshea Mwajabu kidole, na mtoto, kwa ujinga wake mtamu, akamchekea.

"Najua, Kaka Mponda."

"Kama unajua, basi."

"Ila na wewe unaendesha juu ya mpira huo. Ukilala utamsikia nani?"

"Mimi silali." Alisimama. "Na mimi niachie mama yangu. Unajua namsikia kila asubuhi."

Nilijua. Mwenza wake alikuwa na sauti ya mama yake, tuliyemzika masika yaliyopita. Nilimrekodi bibi yule akiwa na kikohozi, na Mponda alikataa nisafishe kikohozi.

Alipofika mlangoni alitazama kile kibao, akatazama na mimi. "Ni mtu mmoja dhidi ya wote," alisema, na hakupaza sauti. "Fikiria hivyo."

Nilifikiria hivyo. Kisha nikafikiria wale sabini na wanne, na safari ya nne, na mteremko, na sauti za wake zao zikiwaambia kwa upendo endelea, endelea. Nilichokifanya mpaka asubuhi hiyo mtu angeweza kunisamehe, maana sikujua. Sasa nilikuwa najua.

Jioni nilikamua maziwa kwenye chupa mbili, nikazipeleka kwa mama mkwe pamoja na mtoto, nikamwambia labda kesho nitachelewa kurudi. Alitaka kuniuliza kitu. Alinitazama usoni, akaacha.

Asubuhi Mwajabu alikataa chupa kabisa. Ikabidi nimbebe mgongoni niende naye.

4

Baraza hukaa kwenye ghala la zamani la korosho, na bado linanuka maganda. Watu walijaa mpaka uani. Mjane wa Nakanje alikaa mbele na wanawe. Upande wa pili alikaa Asumini na Twaha. Dadi alisimamishwa peke yake, mkono kwenye kitambaa, midomo imekauka. Hakumtazama mkewe, na mkewe hakumtazama. Katikati waliweka usukani uliokatwa kwenye bajaji, na juu yake Mwenza, hana hata mkwaruzo.

Bi. Kaundime ni mwanamke mfupi mwenye miwani mizito. Alisoma jina la marehemu, akasoma jina la Dadi, akaamuru kifaa kiseme.

"Baba Twaha alikuwa macho," Asumini alisema, na Asumini alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili. "Mikono ya Baba Twaha ilikuwa imetulia. Usukani ulikatwa kushoto. Safari imekwisha. Pole kwa kazi, mume wangu."

Hayo ya mwisho alikuwa ameyaongeza mwenyewe siku ile ya kurekodi. Nilimwambia hayamo kwenye karatasi, akasema yaache, atayapenda.

Twaha alimgeukia mama yake. "Kwa nini umesema hivyo?"

Watu waliguna. Mjane wa Nakanje akaanza kulia kwa sauti ya chini.

"Fundi aliyefunga," Bi. Kaundime aliita.

Nilimsogeza Mwajabu vizuri mgongoni, nikapiga magoti mbele ya ule usukani. Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili iliniganda kidogo. Nilipomwinua Mwenza, mpira ulikuwa umeng'ang'ania pale chini, mweusi, umekunjwa mara mbili kama nilivyoukunja. Kwa pembeni nilimwona Mponda kasimama kwenye nguzo. Alikuwa ananiangalia vidole.

Ulikuwa mwepesi sana. Ungeingia kiganjani na nafasi ikabaki.

"Tamko la fundi."

Kuna matamko mawili tu, na mwaka mzima Baraza lile lilikuwa halijawahi kusikia la pili. Nilisikia mtoto wangu akinihemea shingoni.

"Hakikufungwa ipasavyo, Mheshimiwa."

Karani aliacha kuandika. Bi. Kaundime alivua miwani.

"Rudia."

"Hakikufungwa ipasavyo. Nimekifunga mimi, juu ya mpira." Niliuinua juu watu wauone. "Hakiwezi kujua kama mtu amelala. Dadi alisema kweli, alisinzia. Na si kwake peke yake. Ni bajaji zote nilizofunga."

"Muongo!" mtoto mkubwa wa Nakanje alisimama. "Amepewa kitu huyu! Wanakaa mtaa mmoja!"

"Kaa chini. Fundi, unafahamu unajitia kwenye nini?"

"Nafahamu."

"Na Baraza litajuaje kwamba humsaidii jirani yako?"

"Bajaji ziko hapo uani, Mheshimiwa. Chagua yoyote. Iwashwe, mtu aachie mikono, kisha msikilize wenyewe."

Alivaa tena miwani taratibu. Nadhani alikuwa anahesabu kesi alizokwisha kuamua. Kisha akainuka, na sote tukatoka nyuma yake kwenye jua. Bajaji iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa nyekundu, imeandikwa Mama Kwanza kwa rangi ya dhahabu. Mponda alijisogeza mbele yake.

"Hii betri yake mbovu," alisema.

"Ufunguo," Bi. Kaundime alisema.

Aliutoa. Nilitegemea karani ndiye atakayekaa, lakini Asumini alipita katikati ya watu, akapanda kwenye kiti cha dereva bila kuomba ruhusa, akawasha. Alishika usukani. Kisha akainua mikono yote miwili juu, vidole vimetanuliwa, kila mtu aone. Usukani ukaanza kucheza kushoto na kulia.

Kwanza tulisikia kikohozi. Kisha bibi wa watu, aliyelala kaburini miezi mingapi sasa, akasema kwa upole:

"Mikono imetulia, Mponda mwanangu. Umeshika vizuri. Endelea."

Hakuna aliyecheka. Asumini alibaki na mikono juu.

"Umeshika vizuri, mwanangu. Endelea."

Mponda alikuwa anautazama ule usukani unaocheza wenyewe. Mdomo wake ulifunguka, akataka kusema kitu, pengine akataka kumjibu. Kisha alinyoosha mkono mwenyewe akazima.

"Nilipita Chikwaya jana," aliniambia, karibu kwa kunong'ona. "Mara tatu."

Uamuzi ulisomwa palepale uani, Bi. Kaundime amesimama juani na karatasi ikimulika miwani. Maneno ya kifaa yamefutwa. Kosa la kukusudia limefutwa. Dadi Mkalinga atajibu mbele ya mahakama ya kawaida kwa kuendesha amechoka, na mpaka hapo aende kwake. Kisha akanigeukia mimi. Leseni yangu ilichukuliwa. Shtaka langu litasomwa baada ya siku kumi, na ndani ya siku hizo, chini ya askari, nifungue vyote sabini na vinne nilivyovifunga na kuvikaza chuma kwa chuma, maana fundi aliyefunga ndiye anayefungua. Nilimwomba kitu kimoja: niruhusiwe kuandika barua kwa waliomtengeneza Mwenza, niwaeleze barabara ya Nambaya ilivyo, wamtafutie mama mjamzito njia nyingine.

"Andika," alisema. "Siahidi kwamba itasomwa."

"Nitaandika ndefu, Mheshimiwa."

Askari aliniletea sanduku la spana. Madereva walipanga bajaji zao ukutani bila mpangilio, na kila mmoja alikuwa na neno. Asante fundi, umetumaliza. Kachukue na mashine ya kusaga, utuzimie na hiyo. Mmoja, ambaye mkewe alikuwa wa miezi minane, hakusema chochote. Alikuja akasimama karibu yangu tu, akanitazama mikono. Huyo ndiye aliyenichoma.

Nilianza na ya Mponda. Nilikuwa nimechuchumaa nafungua nati pale Dadi alipokuja akasimama juu yangu. Hakuwa na uso wa mtu aliyeokolewa.

"Kwa hiyo nililala kweli."

"Ulilala, shemeji."

"Nilikuwa nimeanza kuwaamini wao. Nikasema labda niliamua na nimesahau." Alishika kile kitambaa cha mkono. "Tulikuwa tumepatana, mimi na Nakanje. Tangu Ijumaa. Ndiyo maana nilimpakia. Alikuwa ananihadithia jino la kwanza la mjukuu wake. Nikalala mtu anazungumza na mimi."

Niliweka spana chini. Nilimshika mguu tu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

"Baba Twaha," Asumini aliita nyuma yake. "Baba Twaha, twende nyumbani."

Dadi alishtuka mwili mzima. Mkono wake ambao haukuvunjika uliruka mbele ukakamata hewa, vidole vikajikunja kwenye usukani ambao haukuwepo, akakaza. Alibaki hivyo, macho mbele, kama anayesubiri aambiwe lingine.

Asumini aliona. Nilimwona akiona. Twaha alitaka kusema kitu, mama yake akamwekea kidole midomoni. Alimsogelea mumewe kwa upande ambao angeweza kumwona, akaushika ule mkono, akavifungua vidole kimoja baada ya kingine, akaingiza vyake. Wakaanza kwenda, mtoto nyuma yao, katikati ya watu waliowapisha.

Getini palikuwa na jiwe lililochomoza, na Dadi alikuwa hatazami chini. Asumini alifungua mdomo. Akaufunga. Akamminya kiganja, na Dadi akainua mguu, akaliruka.